Jedwali kama Ushahidi: Kunakili na Kubandika Data za Lugha za Handeni na Korogwe

Mwaka 1975 jarida la Kiswahili lilichapisha makala ya Derek Nurse na Gérard Philippson iliyohusu uainishaji wa lugha za Kibantu za kaskazini-mashariki mwa Tanzania na za Kenya. Kazi ya aina hiyo husimama juu ya orodha za maneno zilizopangwa safu kwa safu, ili neno la lugha moja litazamane na lile la lugha nyingine. Kwa lugha za Handeni na Korogwe mpangilio huo ni jambo la kufa na kupona. Kishambaa, Kibondei, Kizigua na Kingulu, ambazo wanaisimu wamezoea kuziweka pamoja katika kundi la Seuta, zinakaribiana mno. Aghalabu kinachotenganisha neno la mlimani Bungu na neno la bondeni ni kiambishi kimoja, konsonanti moja au alama moja ya toni. Mzigua huiita lugha yake Chizigula; Mshambaa huiita yake Kishambaa. Mtu akiliona umbo lenye chi- katika safu ya Kishambaa, atakuwa na mambo mawili tu ya kuamua: ama amegundua athari ya lugha jirani, ama kisanduku kimehama. Mara nyingi mno uamuzi wa kwanza ndio unaofanywa, kwa kuwa unapendeza zaidi.

Makala haya yanashikilia kwamba jedwali la data za lugha ni sehemu ya ushahidi wenyewe. Namna linavyonakiliwa kutoka programu moja na kubandikwa katika nyingine ni suala la mbinu za utafiti, wala halistahili kuachiwa mpiga chapa au kijana wa steshenari. Dai hili linaweza kuonekana dogo. Hata hivyo, tasnifu nyingi za isimu hupitia safari ileile: daftari la uwandani, kisha lahajedwali kama Excel, kisha programu ya kuandikia kama Word, kisha flashi, kisha kompyuta ya steshenari inakochapishwa nakala ya msimamizi. Katika kila kituo jedwali hunakiliwa na kubandikwa, na katika kila kituo programu hufanya uamuzi kwa niaba ya mtafiti bila kumwuliza.

Kabla ya kuendelea yafaa istilahi ziwekwe sawa. Neno "safu" hutumiwa na baadhi ya waandishi kwa mpango wa mlalo na wengine kwa mpango wa wima, na mkanganyiko huo pekee umetosha kuwapotosha wasahihishaji wa prufu. Katika makala haya mstari ni wa mlalo, safu ni ya wima, na mahali vinapokutana ni kisanduku.

Chukua mfano wa mtafiti anayekusanya msamiati Sindeni na Kabuku upande wa Handeni, na Magoma na Bungu upande wa Korogwe. Ili jedwali lipendeze, huunganisha visanduku vya safu ya kwanza na kuandika jina la lugha mara moja tu, kwa mfano "Kizigua", dhidi ya mistari ishirini. Machoni pa msomaji jina hilo linaitawala mistari yote. Kwa mashine ni la mstari wa kwanza tu. Jedwali hilo likihamishwa, mistari kumi na tisa hubaki bila lugha. Likipangwa upya kwa alfabeti, mistari hiyo hutawanyika miongoni mwa ile ya Kishambaa, na hakuna tena njia ya kujua ipi ilikuwa ya nani isipokuwa kurudi kwenye daftari. Tena kuna visanduku vitupu. Kisanduku kitupu chaweza kumaanisha kwamba neno halikuulizwa, kwamba msemaji hakulikumbuka, kwamba lugha haina neno hilo, au kwamba umbo ni lilelile la mstari wa juu. Maana hizo nne ni tofauti kabisa kwa mwanaleksikografia, lakini zote huonekana weupe mmoja.

Hatari nyingine hutokana na mazoea mema ya uwandani. Mtafiti anapopewa visawe viwili huviandika katika kisanduku kimoja, kimoja chini ya kingine. Jedwali hilo likibandikwa kama matini tupu, ule mkato wa aya ndani ya kisanduku huhesabiwa kuwa mwisho wa mstari. Kisawe cha pili huanguka chini na kukaa katika safu ya kwanza, mahali pa jina la lugha au namba ya neno, na kila kilichokifuata katika mstari ule husogea pamoja nacho. Iwapo jedwali lina mistari mia tatu, kosa hilo halionekani kwa jicho linalopitia haraka.

Kwa wataalamu wa Kibantu, hata hivyo, adui mkubwa ni tarehe. Tangu Bleek aanzishe kuzipa ngeli namba katika karne ya 19, na Meinhof akaurekebisha mfumo huo, jozi za umoja na wingi zimekuwa zikiandikwa 1/2, 3/4, 7/8, 9/10, 11/10. Jozi hizo zikibandikwa katika lahajedwali ambalo halikuandaliwa, programu huzisoma kama tarehe. Ngeli ya 7/8 hugeuka tarehe 7 Agosti katika mashine iliyowekwa kwa desturi ya Tanzania, na tarehe 8 Julai katika ile iliyoachwa na desturi ya Marekani. Anayejaribu kurekebisha kwa kuamuru kisanduku kiwe cha namba hupata namba ya tarakimu tano isiyo na uhusiano wowote na ngeli. Hali kadhalika mizizi ya vitenzi. Desturi ya kuandika mzizi kwa kutanguliza kistari, kama -lomb-, ni ya kawaida katika kila sarufi ya lugha za Kibantu. Excel huona kistari cha mwanzo kuwa alama ya kutoa, hudhani kwamba imepewa fomula, na mahali pa mzizi huweka ujumbe wa kosa. Word nayo, isipozuiwa, huipa herufi kubwa kila herufi inayoanza kisanduku, hata ikawa kwamba viambishi vyote vya safu nzima vinaonekana kama majina ya watu.

Wataalamu wa jeni walikumbwa na balaa hilihili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Genome Biology ulionyesha kuwa takriban moja ya tano ya makala zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel zilikuwa na majina yaliyoharibiwa, mengi yakiwa yamegeuzwa tarehe. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilikata shauri kuyabadili majina yenyewe: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Yaani sayansi nzima iliipigia magoti programu ya ofisini. Wanaisimu wa Kibantu hawana hata njia hiyo. Maandiko ya zaidi ya karne moja yamejengwa juu ya namba za ngeli, na haiwezekani kuzibadili kwa sababu mashine inapenda kalenda.

Suala la toni ni zito zaidi, maana hapo kinachopotea hakiachi hata kovu. Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth, katika uchambuzi wao wa toni za Chizigula uliotoka mwaka 1990, walionyesha kwamba vitenzi vya lugha hiyo ni vya aina mbili. Kudamanya, yaani kufanya, hakina toni ya juu. Kulombéza, yaani kuomba, kinayo, lakini toni hiyo haikai kwenye mzizi; husafiri hadi silabi ya pili kutoka mwisho kadiri kitenzi kinavyorefushwa: kulombéza, kulombezéza, kulombezezána. Hoja yote imo katika mahali pa alama ile ndogo. Jedwali likipita katika programu au fonti isiyoihifadhi, aina mbili za vitenzi huwa aina moja na uchambuzi hufutika. Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili, ambaye mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho amekuwa nao tangu utotoni, huiona alama hiyo kuwa mkazo wa kawaida, na akiikosa hashtuki. Kwa sababu hiyo prufu za majedwali ya toni zinahitaji jicho la mtu anayejua kwamba kitu kinatakiwa kuwapo.

Kazi zilizochapwa kabla ya mfumo wa Unikodi kuenea zina shida ya ziada. Fonti za kifonetiki za wakati huo ziliweka alama zake mahali pa herufi za kawaida, kiasi kwamba kubadili fonti peke yake kulitosha kuzigeuza alama hizo kuwa herufi nyingine. Faili za miaka ya 1990 zinazofunguliwa leo na kubandikwa katika kazi mpya huingia na fonti ya kazi hiyo mpya, na kinachosomeka si kile kilichoandikwa. Hata ndani ya Unikodi, é yaweza kuwa herufi moja au herufi e iliyoongezewa alama juu yake. Jicho halioni tofauti. Kompyuta inayohesabu au kutafuta maumbo huiona.

Majina nayo yana mkasa wake. Zigula na Zigua, Ngulu na Nguu, Shambala, Shambaa na Sambaa ni majina yanayotokea katika maandiko, na kutokea au kutotokea kwa l ni jambo lenye historia yake katika lugha hizi. Majedwali ya watafiti wawili yakiunganishwa, lugha moja huhesabiwa mara mbili. Ziko pia hitilafu za kiutawala: Kilindi ilikuwa sehemu ya Handeni hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2002. Safu iliyoandikwa "Handeni" katika jedwali la mwaka 1990 yaweza kubeba maneno ya Wanguu wa Kilindi ya leo. Anayeibandika safu hiyo kando ya data za Handeni ya sasa analinganisha lugha mbili huku akidhani analinganisha vizazi viwili vya lugha moja.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya ukarani, na kwamba msomi ana kazi kubwa zaidi ya kuhesabu visanduku. Jibu linapatikana katika desturi ya zamani. Enzi za taipureta, majedwali yalipigwa na mpiga chapa, lakini mtafiti alikaa na prufu na kusoma kila mstari kwa sauti huku mwenziwe akifuatia katika daftari, kwa vile kila mtu alijua kwamba mpiga chapa hukosea. Kompyuta ilipoingia, kazi ya ukarani ilibaki ileile, ila kusoma prufu ndiko kulikoachwa, kwa imani kwamba kinachonakiliwa na mashine kimenakiliwa sawasawa. Imani hiyo ni ya kweli kwa matini endelezi. Kwa majedwali si ya kweli, kwani pamoja na herufi zinazohamishwa, unahamishwa pia uhusiano kati yake, na uhusiano huo kila programu huufasiri kivyake.

Njia za kujikinga hazihitaji gharama. Jina la lugha, msimbo wake wa Guthrie na kijiji vinapaswa kuandikwa katika kila mstari hata kama yanarudiwa mara mia tatu. Msimbo una faida ya kutojali tahajia, kwani Kishambaa ni G23, Kibondei G24, Kizigua G31 na Kingulu G34, vyovyote majina yatakavyoandikwa. Visawe vigawiwe mistari yake. Kila aina ya ukosefu wa neno ipewe alama yake, na kisanduku kitupu kisiruhusiwe. Safu za ngeli na mizizi zifanywe kuwa za matini kabla ya kubandika chochote, maana baadaye huwa jambo limekwisha haribika. Na programu inapompa mtafiti hiari kati ya kubaki na umbo la asili, kufuata umbo la hati mpya, au kubandika matini tupu, hiari ya tatu ndiyo salama zaidi ijapokuwa ndiyo yenye sura mbaya: huondoa mapambo na kuacha maneno, na mistari iliyovunjika huonekana wazi ikiwa imevunjika. Hiari ya kwanza huficha kosa ndani ya mipaka mizuri. Mapambo yaje mwisho, katika nakala ya kuchapishwa, huku jedwali tupu likihifadhiwa peke yake bila kuguswa.

Linalobaki ni la wasimamizi, watahini na wahariri. Mtahini wa nje husoma sura ya nadharia kwa makini na kupitia viambatisho kwa kidole gumba. Ingefaa mpango huo upinduliwe mara moja moja: achague jedwali moja, atoe mistari ishirini bila mpango maalumu, na aidai kutoka daftari la uwandani, kijiji kwa kijiji. Daftari hilo, au picha za kurasa zake, liwasilishwe pamoja na tasnifu na kuhifadhiwa maktabani. Kwa Kizigua cha bonde la Mto Pangani na Kishambaa cha milima iliyo juu yake, ambapo wazee waliotoa maneno hayo hawatakuwapo kuulizwa tena, ukurasa huo wa daftari ndio utakaoamua kama umbo lenye chi- lilisemwa Bungu au lilianguka huko kutoka kisanduku cha jirani.