Daktari wako yumo kwenye sajili? Jibu la mtandaoni ni nusu ya kazi

Hapa Pwani neno "daktari" limebeba watu wengi. Anayekudunga sindano katika kliniki ya mtaani Kisauni twamwita daktari. Anayekuuzia dawa Likoni baada ya kusikiliza kikohozi chako, naye ni daktari. Ni heshima tu, na heshima si kosa. Hatari huja pale heshima hiyo inapovaliwa na mtu ambaye hakusomea kazi hiyo wala kusajiliwa kuifanya.

Nchi hii ishapata funzo. Mwaka 2015 Wakenya walishtushwa na video iliyomhusisha James Mugo Ndichu, maarufu kama Mugo wa Wairimu, aliyekuwa na kliniki Githurai, Nairobi, na madai ya kumlewesha mgonjwa kwa dawa na kumdhulumu. Ilibainika kuwa hakuwa daktari aliyesajiliwa. Mwaka 2018 alipatikana akiendesha kliniki tena, mara hii Kayole. Mahakama baadaye ilimtia hatiani. Jambo la kutafakari ni hili: hata baada ya nchi nzima kumjua, bado kulikuwa na wagonjwa waliobisha mlango wake wakiamini wako mikononi mwa daktari.

Je, wangeweza kujua? Wangeweza. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lina tovuti ambayo mwananchi yeyote anaweza kutafuta jina la daktari, au hospitali yenyewe, bila malipo. Hapo yafaa kutofautisha mambo mawili. Usajili waonyesha kwamba mtu amefuzu na kuandikishwa. Leseni ndiyo ruhusa ya kutibu, nayo huhuishwa kila mwaka. Anaweza mtu kuwa na usajili wa zamani na leseni iliyokwisha. Kwa hivyo usiridhike kuona jina. Tazama na mwaka wa leseni.

Lakini jibu la tovuti hiyo ni nusu tu, kwa sababu tatu.

Kwanza, sajili hiyo ni ya madaktari na madaktari wa meno. Kliniki nyingi za mitaani zahudumiwa na maafisa wa kliniki na wauguzi, na hao wana mabaraza yao na sajili zao. Wataalamu wa dawa wako chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Ukimkosa afisa wa kliniki kwenye orodha ya KMPDC, usikimbilie kumwita tapeli. Umemtafuta pasipokuwa pake. Swali la kwanza basi ni, "Wewe ni wa kada gani?" Mhudumu wa kweli hatachukia kuulizwa.

Pili, jina si mtu. Tapeli mjanja aweza kuazima jina na nambari ya daktari halali, na ukitafuta utakuta kila kitu sawa. Ndiyo maana yafaa kulinganisha jina la kwenye leseni iliyotundikwa ukutani na la huyo aliyeketi mbele yako.

Tatu, daktari si lazima awe bingwa. Bango likisema "bingwa wa moyo" au "bingwa wa watoto", kuwa na leseni ya udaktari hakutoshi. Ubingwa hutambuliwa na Baraza kivyake, na hilo pia ni la kuulizia, hasa kabla ya upasuaji.

Sasa tuwe wakweli. Mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa saa nane za usiku hatafungua tovuti ya Kiingereza kwa simu isiyo na bando. Mwaka 2025, Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kufungwa kwa vituo 728 vya afya na kushushwa daraja vingine 301 kwa kutotimiza masharti. Ni hatua njema, lakini yatuonyesha pia kwamba kumtupia mgonjwa kazi ya ukaguzi si haki. Ibara ya 46 ya Katiba yampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji. Habari iliyofichika mtandaoni kwa lugha asiyoielewa bado haijamfikia.

La kufanya lipo. Bodi ya Dawa na Sumu ilishawahi kutumia nambari iliyobandikwa kwenye duka la dawa, mteja akaituma kwa ujumbe mfupi na kujibiwa kama duka lina leseni. Mabaraza mengine yaweza kufanya vivyo hivyo, kwa Kiswahili, kwa mhudumu na kwa kituo chake. Serikali za kaunti zetu, kutoka Kwale hadi Lamu, zaweza kubandika orodha ya vituo vyenye leseni kwenye ofisi za machifu na za wadi.

Tena tuna wahudumu wa afya ya jamii, waliozinduliwa mwaka 2023 kote nchini na kupewa simu za kazi. Hao ndio wanaoingia majumbani mwetu. Wakipewa jukumu la kukagua kliniki za mtaa wao mchana, watu wakiwa wazima, mama yule hatahitaji kukisia usiku. Na kamati za misikiti, makanisa na shule zinazoandaa kambi za matibabu ya bure zidai leseni mapema. Hata daktari mgeni anayekuja kujitolea anatakiwa kuwa na kibali cha muda kutoka KMPDC.

Wakati tukisubiri hayo, kila nyumba ianze leo. Chukua jina la mhudumu mnayemwendea siku zote, litafute kwenye sajili ya kada yake, na uangalie leseni ya mwaka huu. Ukiona yu sawa, mwambie na jirani. Ukimkosa, piga ripoti kwa baraza lake au kwa ofisi ya afya ya kaunti, wala usimtangaze kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya kuhakikisha. Riziki ya mtu ina heshima yake, na uhai wa mgonjwa una heshima kubwa zaidi.