Kikwazo ni Ramani, si Redio

Mashindano ya kusaka mitambo ya redio iliyofichwa porini yangewafaa sana wanafunzi wa sekondari wa Bariadi. Mshindani hubeba kipokezi, antena, dira na ramani. Mitambo 5 hupokezana, kila mmoja ukirusha ishara kwa dakika 1. Mshindani huzungusha antena hadi atambue upande itokako ishara, huchora mstari ramanini, kisha hupima tena kutoka mahali pengine. Mistari ikatanapo ndipo penye mtambo.

Wengi hudhani kikwazo ni bei ya vyombo. La hasha! Antena ya mawimbi ya mita 80 yaweza kuundwa kwa waya na mbao. Kinachokosekana ni ramani. Katika ramani ya 1:50,000, sentimeta 1 ni mita 500. Kichuguu wala kichaka havionekani. Mashindano hudai 1:10,000 au 1:15,000. Basi wanafunzi na wapime na kuchora maeneo yao wenyewe.

Faida haitaishia michezoni. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Serengeti wamewafuatilia simba wenye kola za redio kwa kanuni iyo hiyo. Mkoa wa Simiyu, wenye Pori la Akiba Maswa, wastahili kuwa na wataalamu wake wa kazi hiyo.