Plaiwudi Inapinda, Fikra Zimekakamaa
Ukitaka kujenga tela la kulala chini ya Uluguru, utaambiwa plaiwudi ya kupinda haipatikani Morogoro. Agiza Dar es Salaam, uilipie lori karibu kilomita 190. Uvivu mtupu! Siri yake ni nyuzi: matabaka mazito ya nje yanaelekea upande mmoja, la katikati jembamba. Hata plaiwudi ya kawaida ya milimita 3, zikigandishwa mbili juu ya kalibu, hutoa paa la mviringo. Mufindi wanamenya magogo. Mtibwa kuna misaji. SUA, iliyoanzishwa 1984, inafundisha misitu papa hapa. Nani amewahi kumwita seremala wa mtaani maabara? Mpaka aitwe, ujira wake tutaendelea kuupakia kwenye lori.