Mguu wa Pili

Juzi asubuhi nilikuwa nyuma ya mama mmoja mlangoni mwa daladala, sote tunashuka. Umri wake si chini ya miaka sabini. Mkono wa kushoto kikapu, wa kulia kashika bomba la mlango. Konda alishagonga bati mara mbili. Mama akatoa mguu wa kulia, akaushusha polepole kuitafuta ardhi, na ardhi ilikuwa mbali kidogo kwa sababu ukingo wa barabara pale umeliwa na mvua. Gari likasogea, hatua moja tu. Kijana angechupa, akaudaka mwili wake kwa mguu wa pili na kuendelea na safari zake. Mguu wa pili wa yule mama ulichelewa. Alianguka kwa goti na kiganja, nyanya zikatawanyika hadi mtaroni.

Tulimwinua, hakuvunjika. Lakini abiria mmoja dirishani alisema kwa sauti, "Wazee nao wangekaa nyumbani." Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu tukiifuata tutawadhuru wazee wetu kuliko lile gari lilivyomdhuru yule mama.

Angalieni: kikapu alikibeba mwenyewe kutoka sokoni, na kilikuwa kizito. Nguvu alikuwa nazo. Alichopungukiwa ni wepesi wa kuitoa nguvu hiyo kwa ghafla, ndani ya muda ambao hata sekunde moja haitimii. Kwetu tumezoea kusema mzee "ameishiwa nguvu". Kinachotangulia kuondoka ni kasi, na nguvu hufuata nyuma yake taratibu. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1994 uliwapima watu wa miaka 65 hadi 89. Tofauti ya umri kati yao ilionyesha kuwa nguvu ya misuli hupungua kwa asilimia 1 hadi 2 hivi kwa mwaka, lakini uwezo wa mguu kusukuma kwa nguvu na kasi kwa pamoja hupungua kwa asilimia 3.5. Piga hesabu ya miaka kumi, utaona pengo.

Ndani ya msuli kuna nyuzi za taratibu, zile za kutembea na kusimama muda mrefu, na nyuzi za haraka, za kuruka, kurusha na kujidaka unapojikwaa. Nyuzi za haraka ndizo zinazosinyaa zaidi uzeeni. Kila kundi la nyuzi huongozwa na mshipa wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo, na miaka inavyosonga baadhi ya mishipa hiyo hufa. Nyuzi zake hubaki yatima. Hapo mshipa wa jirani huwachukua yatima hao kama shangazi anavyochukua watoto wa marehemu ndugu yake. Wakipata shangazi huishi, ila huanza kufuata mwendo wa nyumba ile, na mara nyingi ni mwendo wa taratibu. Wasiompata hupotea.

Kisha kuna mpangilio. Mtu anaporuka, nyonga hutangulia, goti hufuata, kifundo cha mguu humalizia, kila kimoja kikimpokea mwenzake kama wapiga ngoma wanaojuana. Uzeeni mapokezano haya hulegea. Msuli wa mbele ya paja na wa nyuma yake huvuta kwa wakati mmoja, mwili ukitafuta kujiimarisha, sawa na dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Kigimbi, ambacho ndicho kisukuma hatua, huachia nyonga sehemu ya kazi yake, na hatua inakuwa fupi. Mzee akijikwaa, ubongo hutambua, amri hutoka, lakini mguu unafika ukiwa umeshachelewa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na waliovuka miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Nchi hizo ni pamoja na zetu, zenye mitaro isiyo na mifuniko.

Wala kupungua huku kwa kasi hakumsubiri mtu afikie sabini. Jumapili nenda uwanjani wanapocheza maveterani, wanaume wa arobaini na hamsini. Mwenzetu mmoja alitoka kwenye gari moja kwa moja, akavaa viatu, akaingia. Dakika ya nne akatimua mbio kuuwahi mpira, akasimama ghafla na kugeuka nyuma kwa hasira akiuliza nani kampiga teke kisiginoni. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika. Miezi mingi ya magongo, na kazi yake ni ufundi wa juu ya ngazi. Moyo wake ulikumbuka mbio za miaka ishirini. Kano yake ilikuwa ya mtu wa miaka arobaini na minane asiyekimbia wiki nzima. Roger Milla aliifungia Kamerun bao dhidi ya Urusi kwenye Kombe la Dunia mwaka 1994 akiwa na miaka 42, lakini yeye hakuwa mtu wa kugusa mpira Jumapili hadi Jumapili.

Sasa habari njema, na naomba muisome kwa makini kuliko yote niliyotangulia kuandika. Mwaka 1990 huko Boston, Marekani, wazee kumi wa miaka 90 hivi, dhaifu, wakaazi wa nyumba ya kutunzia wazee, walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu ya misuli ya waliomaliza iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliacha kutumia mkongojo. Huko Kyoto, Mjapani Hidekichi Miyazaki alikimbia mita 100 kwa sekunde 42.22 mwaka 2015 akiwa na miaka 105, na riadha alikuwa ameianza baada ya kupita tisini. Msuli hausahau kujifunza. Unasahau tu pale tunapouambia ukae.

Lakini kutembea peke yake, pamoja na faida zake zote, hakurudishi kasi. Kasi hurudishwa kwa kufanya jambo kwa kasi. Keti kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Simama upesi kadiri unavyoweza, kisha keti polepole. Anza mara tano, ongeza kadiri wiki zinavyopita. Shika meza, nyanyuka kwa vidole vya miguu haraka, shuka taratibu. Piga hatua ya haraka pembeni kulia, rudi, kisha kushoto. Mwenye presha, maradhi ya moyo au mfupa uliowahi kuvunjika azungumze kwanza na daktari. Na maveterani wenzangu, robo saa ya kupasha mwili kabla ya mpira, mbio zikipanda kidogo kidogo. Kichurachura cha shuleni kisubiri mpaka miguu izoee.

Mwishoni mwa mwaka 2016 serikali ya Tanzania iliitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, na vikundi vya jogging vimejaa mitaani. Naviheshimu. Ombi langu kwa viongozi wake ni dogo: wazee wasiwekwe kwenye viti vya plastiki kutazama na kupiga makofi. Viti hivyohivyo ndivyo vifaa vyao vya mazoezi, hakuna cha kununua. Viongozi wa mitaa, kabla ya kugawa kiwanja cha mwisho kilichobaki, kumbukeni ni wapi wazee hawa watakwenda kufanya mazoezi. Na mtaro ulio mbele ya zahanati ufunikeni.

Wana wa wazee, mnawapenda wazazi wenu, najua. Mama akiinuka kufuata maji, mnaruka kumwahi: "Kaa mama, nitaleta." Mwache aende. Kuinuka kwake kutoka mkekani mara kumi kwa siku ni mazoezi ambayo hakuna dawa inayoweza kuyafanya badala yake. Kaa karibu, ukiona anayumba mpe mkono, lakini aende. Adabu ya kumpumzisha mzee ni njema, ila ikizidi humfunga miguu.

Nawe dereva, nawe konda, kazi yenu ni ngumu na hesabu ya bosi haingoji, naielewa. Hata hivyo mzee akisema anashuka, gari lisimame kabisa, si kupunguza mwendo. Utazame miguu yake. Wa kwanza ukifika chini bado hajashuka. Mguu wa pili ukishagusa ardhi, ndipo ugonge bati.