Setilaiti Iliyoitwa Uhuru na Watoto Wetu wa Madrasa



Ndugu zetu katika imani, hapa Kizuka kila mvuvi wa ndagala anaujua mwezi. Ukiwa mpevu, taa za mitumbwi hazivuti samaki. Nasi walimu wa madrasa tunauangalia mwezi kwa ajili ya Ramadhani na Idi. Lakini mtoto akituuliza nyota zinawakaje, mara nyingi tunamjibu: "Hifadhi kwanza sura yako." Hapo tumekuwa tukikosea.

Tuwape habari za Riccardo Giacconi, bingwa wa fizikia ya nyota. Alizaliwa Genoa, Italia, mwaka 1931. Mama yake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia. Kijana akasoma mpaka udaktari mwaka 1954, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1962 yeye na wenzake walirusha roketi kutafuta miale ya eksirei itokayo mwezini. Miale hiyo haipenyi hewa ya dunia, hivyo lazima chombo kipande juu. Katika dakika chache walizopata, waliona chanzo kikali kilichoko mbali mno kupita jua letu na sayari zake.

Basi wakatengeneza setilaiti. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano lililoko baharini, Ngomeni, karibu na Malindi. Palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi. Siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake, na setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilionyesha vyanzo 339 vya eksirei, na ikasaidia kutambua shimo jeusi liitwalo Cygnus X-1. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, akafariki mwaka 2018.

Jina ni letu, bahari ni yetu, lakini elimu ilikuwa ya wengine.

Atakayesema hayo si mambo ya Waislamu, akumbuke al-Battani, aliyefariki mwaka 929. Alipima urefu wa mwaka akikosea dakika chache tu. Nyota Aldebaran mpaka leo inaitwa kwa Kiarabu. Na aya ya 190 ya Suratu Aal Imran inatuita tuzitafakari mbingu na ardhi.

Kwa hiyo tuanze na sisi wenyewe walimu. Tumewashika watoto jioni nzima, daftari la hisabati likafunguliwa wakati wa usingizi. Tuwaachie saa moja kabla ya Magharibi. Nanyi wazazi, msimwachishe binti shule kwa hoja kwamba madrasa inamtosha. Giacconi alikuwa na mama aliyejua hisabati. Huyo binti mnayemwachisha ni mama wa kesho.

Wabillahi tawfiq.