Mwenye Ufunguo Ndiye Mwenye Chombo

ASKARI hukabidhiwa silaha pamoja na maarifa ya kuifungua, kuisafisha na kuifunga. Silaha ambayo ufunguo wake umebaki kwa mwuzaji haingekubaliwa na kamanda yeyote. Kwa nini basi tuikubali hali hiyo katika mashine nyingine?

Hapa Kacyiru, yalipo Makao Makuu ya Polisi ya Taifa, ndipo ilipofunguliwa kLab mwaka 2012, ili vijana wetu wapate mahali pa kutunga programu. Kijana anayetunga mchezo wa kompyuta ya kawaida haombi ruhusa kwa mtu. Lakini akitaka mchezo huo uchezwe katika mashine za michezo zinazounganishwa na televisheni, hana budi kupata kibali cha kampuni iliyoziunda.

Kampuni hizo zina hoja. Mwaka 1983 biashara hiyo iliporomoka Marekani, soko lilipojaa michezo hafifu. Nintendo ilipoingia huko mwaka 1985 iliweka kufuli ndani ya mashine yake, na mtunzi asiye na kibali akabaki nje. Hatuibezi hoja hiyo. Sote twaijua kazi ya mlinzi langoni. Lakini mlinzi humzuia mgeni, hamzuii mwenye nyumba.

Jeshi la Anga la Marekani liliuonja uchungu huo. Lilikusanya mashine 1,760 za PlayStation 3, likaziunganisha ziwe kompyuta moja kubwa, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2010. Liliweza kwa sababu Sony, mwaka 2006, ilimruhusu mnunuzi kuweka humo mfumo wa Linux. Lakini Aprili 2010, kabla hata ya uzinduzi, Sony ilikwisha kuufunga mlango huo, ikitaja sababu za usalama. Mashine zilizokuwapo ziliendelea na kazi. Taabu ikawa kupata za kushika nafasi ya zitakazoharibika. Ikiwa jeshi tajiri kiasi hicho halikuwa na kauli, kijana wa Kacyiru atakuwa nayo?

Wala kufungua si muhali. Mwaka 2016 Microsoft ilimruhusu mwenye Xbox One kuitumia, kwa ada ndogo, kujaribia programu zake mwenyewe.

Shauri letu ni hili: vijana waanze na mashine zilizo wazi, na kila ofisi inayonunua chombo, iwe ya raia au ya ulinzi, iulize kabla ya kuuliza bei: ufunguo utakaa kwa nani?