ALAMA YA X PEKE YAKE HAIHAMISHI MTU



Twataka kusema neno juu ya nyumba za hatari, na juu ya fedha ambazo Serikali huwapa wenye nyumba wanapoondolewa. Neno hili ni letu. Wengi wetu tunakaa Mathare, Mukuru, Kibera na Huruma, na wako kati yetu waliojijengea huko vyumba viwili vitatu vya mabati kwa akiba ya miaka mingi. Mshahara ndio uliotupeleka huko, si kupenda kulala kando ya mto.

Kwanza tuelewane. Nyumba mbovu ni mbovu. Hatusemi watu waachwe ndani ya nyumba itakayowaua. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa iliyojengwa karibu na mto huko Huruma ilianguka, na watu karibu 50 wakafa. Baadaye wakubwa walieleza kwamba nyumba ile ilikuwa imekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Basi alama ilikuwako ukutani, na watu walikuwamo ndani. Ajabu gani? Sisi tunaokaa mahali kama pale twajua sababu. Rangi ya ukutani haimlipii mpangaji kodi ya mwezi wa kwanza mahali pengine, wala haimrudishii mwenye nyumba mali yake. Mtu asiye na pa kwenda hubaki, huku akiomba Mungu mvua ipungue.

Sisi watu wa reli twaijua bendera nyekundu. Daraja likionekana bovu, gari la moshi husimamishwa, na hakuna anayebishana. Lakini kusimamisha gari si mwisho wa kazi. Abiria lazima watafutiwe njia ya kufika, na gengi lazima litoke kwenda kutengeneza. Mtu wa reli akiinua bendera kisha aende zake nyumbani, huyo atafukuzwa kazi, na ni haki yake.

Sasa tazameni mambo ya mwaka 2024. Mvua za Machi hadi Mei ziliua zaidi ya watu 200 katika Kenya. Mwanzoni mwa Mei Serikali iliamuru waliokaa kando ya mito na mabwawa watoke kwa muda wa saa 24. Matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Tarehe 6 Mei Rais William Ruto alifika Mathare akatangaza kwamba kila jamaa iliyoondolewa itapewa shilingi 10,000 za kuhamia mahali pengine. Aliyepanga chumba kimoja na aliyejenga nyumba nzima, kipimo chao kikawa kimoja.

Haya, tupige hesabu. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mfanya kazi wa mshahara hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri wake huongeza kiasi kile kile. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 hukatwa 450 kila mwezi, na mwajiri hutoa 450. Jumla ni 900 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 10,800. Maana yake nini? Mfanya kazi mmoja wa mshahara mdogo, kwa mwaka mmoja tu, hutiliwa katika mfuko wa nyumba fedha nyingi kuliko zile anazopewa mwenziwe siku nyumba yake inapobomolewa. Hata kama zile 10,000 zilitoka mfuko mwingine, kipimo ni hicho. Tena zisiitwe sadaka, maana kila mfuko wa Serikali hujazwa na jasho letu.

Wako watakaosema: "Hao walijenga pasipo ruhusa. Mbona walipwe?" Wengine hutufananisha na yule mpumbavu aliyejenga juu ya mchanga. Twajibu hivi: mwamba una hati, na hati ina bei, na bei hiyo haimo katika bahasha ya mfanya kazi. Tena watu wa Mathare hawakuanza kukaa pale jana. Kila uchaguzi wakubwa huenda pale kuomba kura, na wakati huo hakuna anayewauliza hati. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya nyumba ya kufaa. Na Kifungu cha 40, kinapotaja ardhi inayotwaliwa na Serikali, kimeacha mlango wazi wakaaji wa nia njema wasio na hati nao walipwe fidia. Kama hilo lawezekana Serikali inapotaka ardhi, haliwezi kukosekana inapotaka kuokoa maisha.

Wala msiambiwe kwamba njia nyingine haiko. Kando ya reli yenyewe, Kibera na Mukuru, watu waliokaa karibu mno na njia ya gari la moshi walihesabiwa kwanza, kisha wakajengewa nyumba za kuhamia. Kazi ile ilichukua miaka mingi, lakini ilionyesha kwamba mtu asiye na hati aweza kuhamishwa kama binadamu.

Basi madai yetu ni haya:

1. Watu wahesabiwe na nyumba zitiwe bei kabla ya mvua, si baada ya tingatinga.

2. Mwenye nyumba alipwe thamani ya alichojenga, na mpangaji apewe fedha za kuhamia na kodi za kumshikiza mpaka atulie.

3. Sehemu ya ushuru wa nyumba iwekwe kando kwa kazi hiyo, na hesabu yake itangazwe kwa wanaokatwa.

4. Walioondolewa katika nyumba za hatari wawe wa kwanza kupewa nyumba mpya, kwa malipo wanayoyaweza.

Ndugu, mkononi mwa mtu mwenye fedha za kuhamia, amri ya kutoka ni wokovu. Mkononi mwa asiye na kitu, ni karatasi tu, naye atabaki pale pale mpaka ukuta umwangukie. Yasemeni haya katika mikutano ya matawi, mkamwulize mbunge wenu mbele ya watu. Mvua haitangoji.

Sisi wenzenu wa reli.